Losheni ya kalamaini kwa vipele vya utomvu wa embe: inatuliza, haiponyi

Desemba iliyopita nilishuka Kyela kumsaidia shangazi kuchuma maembe, nikarudi Mbeya na ndoo mbili zilizojaa, pamoja na utomvu uliokuwa umenikaukia mikononi bila mimi kuutilia maanani. Jioni ya siku ya pili mikono ilianza kuwasha, na kulipokucha ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyeusi kuliko kawaida, huku malengelenge madogo yakiwa yamejipanga kwa mistari palepale utomvu ulipochirizika.

Wengi wetu hudhani kwamba ni joto au wadudu, kumbe ni mzio. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja na poizoni aivi, mmea wa Marekani Kaskazini ambao mafuta yake, yaitwayo urushioli, huwatesa watu wa huko kila mwaka. Utomvu na ganda la embe lina kemikali zinazofanana nayo. Kwa kuwa kinga ya mwili huchukua muda kuchachamaa, vipele hutokea baada ya siku moja hadi tatu, na ndiyo maana mtu husahau alichokishika.

Duka la kwanza la dawa nililoingia lilinipa krimu yenye steroidi kali, yaani dawa ya kupunguza uvimbe na muwasho wa ngozi, iliyochanganywa na dawa ya fangasi, na muuzaji hakuomba hata nikunje mikono ya shati aione ngozi. Jambo hili linaniuma, kwa sababu krimu za namna hiyo zikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba. Niliirudisha. Katika duka la pili mfamasia aliniuliza nilishika nini, lini, na kama uso umeguswa, kisha akanipa chupa ya kalamaini ya mililita 100.

Kalamaini ni unga wa zinki oksaidi uliotiwa kiasi kidogo cha oksaidi ya chuma, ambayo ndiyo huipa rangi ya waridi. Unga huo hutuama chini ya chupa, kwa hiyo usipoitikisa vizuri utapaka maji matupu, kosa nililolifanya usiku wa kwanza nikadhani nimeuziwa dawa mbovu. Niliitikisa, nikachovya pamba, nikaigusisha taratibu juu ya malengelenge bila kusugua. Ubaridi ulikuja papo hapo maji yalipoanza kukauka, ukabaki utando mweupe wenye uwaridi uliopasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Nafuu ilidumu saa mbili hivi, muda ulionitosha kupata usingizi. Nilipopaka tena niliosha kwanza utando wa zamani, maana ukirundikana hukwaruza.

Hata hivyo, kalamaini haikupunguza hata siku moja ya ugonjwa. Vipele vilichukua takribani wiki mbili kuisha, kama ilivyo kawaida yake. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukandwa dakika 15 kilinisaidia karibu sawa na losheni, na hakina gharama. Shangazi alinipigia simu akisema, “Mwanangu, jikande maji ya moto,” nami nilimtii mara moja. Raha ilikuwa ya dakika chache, kisha muwasho ukazidi.

Ningeinunua tena, lakini kwa ajili ya muwasho tu, na kwa vipele vichache vya mikononi au miguuni. Vikifika machoni au sehemu za siri, vikitoa usaha, au vikienea mwili mzima pamoja na homa, mgonjwa aende hospitali, kwani hapo daktari anaweza kuona haja ya vidonge. Majimaji ya malengelenge hayamwambukizi mtu mwingine, ila utomvu uliobaki kwenye nguo unaweza kuwasha upya. Shati nililochumia maembe nililifua peke yake kwa sabuni ya mche, na safari ijayo nitaosha mikono palepale chini ya mwembe, kabla ya kupanda gari la kurudi.