Amarilisi za vitalu vya Ngong Road: ua ni la leo, kitunguu ndicho mali

Ukipita Ngong Road au Kiambu Road jijini Nairobi amarilisi zikiwa zimechanua, ni vigumu kutosimama. Bua moja hubeba maua manne hivi, mekundu au meupe yenye milia, kila moja likiwa pana kama kiganja kilichokunjuliwa. Wanunuzi wengi huiweka sebuleni wiki mbili tatu, kisha ua likinyauka chungu hupelekwa nyuma ya nyumba na kusahaulika. Hapo ndipo hela hupotea, kwa sababu kilichonunuliwa hasa ni kitunguu kilicho chini, na kikitunzwa kitachanua miaka mingi.

Tuanze na kitunguu chenyewe. Chenye mzingo wa sentimita 26 kwenda juu kwa kawaida hutoa mabua mawili. Kidogo kuliko hapo hutoa moja, au majani matupu. Kibonyeze kwa kidole gumba karibu na kitako. Kinapaswa kuwa kigumu kama kitunguu kipya cha jikoni. Kikibonyea, kimeanza kuoza, na hata upunguziwe bei vipi, kiache. Kwa upande huu vitalu vya barabarani vinastahili sifa: unachagua kwa mkono wako, unalinganisha, na muuzaji hakuharakishi.

Udongo ndio udhaifu mkubwa. Mara nyingi mmea huwa ndani ya karatasi nyeusi ya miche, umejazwa udongo mwekundu uliochanganywa na samadi, na kitunguu kimezikwa hadi shingoni. Udongo huo ukilowa hushikamana, maji hutuama shingoni, na kuoza huanzia hapo. Amarilisi hutaka theluthi moja hadi nusu ya kitunguu ikae juu ya udongo. Ukifika nayo nyumbani usiing'oe, maana mizizi ikikatika wakati wa kuchanua mmea huchoka. Kwangua tu udongo wa juu kwa kijiko mpaka mabega ya kitunguu yaonekane.

Maua yakinyauka, yakate kabla hayajafunga mbegu. Bua lenyewe liache hadi lianze kuwa la njano, ndipo ulikate sentimita tatu juu ya kitunguu. Ni tupu ndani na litachuruzika maji, usishtuke. Majani usiyaguse wala kuyafunga mafundo. Hayo ndiyo yanayojaza kitunguu chakula, na kwa kawaida kila baada ya majani manne hivi, chipukizi jipya la ua huumbwa ndani. Mmea uliotoa majani matatu msimu mzima huenda usikuonyeshe ua mwakani. Utoe nje polepole, kivulini wiki ya kwanza, kisha mahali penye jua la asubuhi.

Ushauri unaotolewa sana kwenye vitalu ni kutia CAN, mbolea yenye naitrojeni nyingi. Kwa amarilisi ni ushauri mbaya: naitrojeni nyingi huleta majani marefu yanayolala, na kitunguu laini kinachoshikwa na kuvu. Bora NPK 17:17:17, mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, nusu kijiko cha chai kwa chungu cha sentimita 20, kila wiki tatu, ukiinyunyiza pembeni baada ya kumwagilia. Isiguse kitunguu.

Mvua zikianza, kagua shingo ya kitunguu na upande wa chini wa majani. Kuna viwavi weusi wenye mikanda ya njano wanaozaliwa kwa makundi, wanatoboa jani na kushuka mpaka ndani ya kitunguu. Ukiona jani limekuwa kama utando unaopitisha mwanga, hao wameshafika. Waokote kwa mkono siku hiyo hiyo. Madoa mekundu yaliyodidimia kwenye majani ni kuvu: kata sehemu hiyo na uache kumwagilia kutoka juu.

Hali ya hewa ya Nairobi hurahisisha mapumziko. Baridi ya Juni hadi Agosti inatosha. Katikati ya Juni acha maji kabisa, weka chungu chini ya upenu usionyeshewa, kwa wiki 8 hadi 10. Majani yasipokauka yote si tatizo. Mwisho wa Agosti hamishia kwenye chungu kinachozidi kitunguu kwa sentimita tatu tu kila upande, chenye matundu, kwa mchanganyiko wa udongo mwekundu, mboji na mchanga wa mto kwa vipimo sawa. Mwagilia mara moja, kisha subiri ncha ijitokeze. Chungu kipana ni kosa: maji hubaki pale ambapo hakuna mizizi ya kuyanywa.

Tulipu za chungu ni hadithi nyingine. Ili zichanue tena hutaka wiki 12 hadi 16 za baridi chini ya nyuzi 9 za Selsiasi, na hapa hiyo ni kazi ya friji, tena mbali na ndizi na matunda mengine, kwa kuwa gesi yake huua ua changa ndani ya kitunguu. Zifurahie mara moja, kisha zipeleke kwenye mboji.

Pesa zako ziweke kwenye amarilisi, na ukipata iliyozaa watoto ubavuni, ichukue. Usiwabandue mapema, ngoja kila mmoja afikie theluthi ya mama na awe na mizizi yake. Kuchanua kutamchukua miaka miwili hadi minne.