Bahasha ya bei moja ya Posta ya Marekani: uzoefu wangu

Ninaishi Columbus, Ohio, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikimtumia dada yangu aliyeko Seattle vitu vidogo vidogo kwa bahasha ya bei moja ya Priority Mail (huduma ya Posta ya Marekani), ile ya inchi 12.5 kwa 9.5 ambayo hutolewa bure posta; unalipia kuituma tu, kwa bei isiyobadilika kwa uzito wala umbali. Imenifaa sana, ila kanuni zake nilizielewa baada ya kuaibika kidogo.

Siku hiyo nilikuwa nimetia doti tatu za kanga. Bahasha ilifura kama andazi, kifuniko hakikufikia gundi, nami nikaziba pengo kwa kipande cha kadibodi na selotepu. Mama aliyekuwa kaunta hakuiweka hata kwenye mizani. Alipitisha kidole penye mkunjo, akanieleza kwa upole kwamba selotepu inaruhusiwa kwa kuimarisha mshono, lakini kifuniko lazima kifunge kwa mikunjo yake yenyewe na bahasha isipanuliwe. Kinyume cha hapo, mzigo hutozwa kwa uzito na umbali. Nikatoa doti moja, nikazikunja upya zile mbili zikawa bapa, na bahasha ikafunga bila kulazimishwa.

Uzito, ambao ndio niliokuwa nikiuhofia, hausumbui: ndani ya Marekani kikomo ni pauni 70, na sijui nani angekifikia kwa bahasha hiyo, labda mvuvi anayetuma chubwi. Kwa nje ya nchi kikomo hushuka hadi pauni 4, na fomu ya forodha hujazwa. Bima ya hadi dola 100 imo ndani ya bei.

Kwa kuwa bei haitazami umbali, faida huonekana kwa vitu vizito vinavyokwenda mbali, kama vitabu. Kitu chepesi, kwa mfano kofia moja ya kiua, kwa kawaida huenda kwa nafuu zaidi kwa Ground Advantage, huduma nyingine ya Posta hiyo iliyoanza Julai 2023. Hata hivyo, usiitie kwenye bahasha ya bure ya Priority Mail, kwa maana hata ukiigeuza ndani nje ili kuficha maandishi, utatozwa bei ya Priority Mail.

Ile doti ya tatu niliituma wiki iliyofuata kwa Ground Advantage, katika mfuko wa plastiki nilioununua mwenyewe.