Walter Brennan au Thomas Mitchell: kati ya waigizaji hawa wawili wa filamu za zamani za Hollywood, uanze kumtazama nani?

Kwa tuzo, Brennan yuko mbele: Oscar 3 za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Mitchell alipata moja tu, ya filamu ya Stagecoach (1939). Hata hivyo, mimi ningekuambia uanze na Mitchell. Mwaka huohuo wa 1939 aliigiza pia baba yake Scarlett, mhusika mkuu wa Gone with the Wind. Mtazame yule daktari mlevi wa Stagecoach anapotakiwa kuzalisha: anabugia kahawa chungu, kikombe baada ya kikombe, mpaka pombe imtoke, kisha anaingia chumbani akiwa mtu mwingine kabisa. Brennan ananoga zaidi kwenye ucheshi. Mzee Stumpy wa Rio Bravo (1959), mchechemeaji mwenye malalamiko yasiyoisha, hata akisimama na John Wayne, nyota wa filamu hiyo, macho yako hubaki kwa Stumpy.