Mashine ya kuamsha sensa za tairi: ipi ununue ukiwa Mtwara au Lindi

Kuna taa moja ya njano inayoniletea wateja siku hizi karibu sawa na pancha. Ni ile yenye umbo la tairi lililokatwa, na alama ya mshangao katikati. Mtu anatoka Dar, taa inawaka akipita Nangurukuru, anajaza upepo Lindi, haizimi. Akifika Mtwara tairi limekuwa gumu kama jiwe na moyo unamwenda mbio. "Fundi, sasa nijaze mpaka wapi?"

Usijaze zaidi. Angalia kwanza taa inavyowaka. Ukiwasha gari ikawaka moja kwa moja na kubaki hivyo, upepo umepungua kweli; chukua geji, pima, jaza. Ikipepesa kwa dakika moja hivi ndipo ibaki imewaka, mfumo wenyewe una tatizo, na mara nyingi ni sensa, kile kifaa kidogo cha kupima upepo ndani ya tairi, iliyokufa betri. Hapo hata ukileta kompresa kubwa kuliko zote mjini hutaizima. Unahitaji mashine ndogo ya mkononi inayozungumza na sensa. Baada ya kununua mbili vibaya na moja vizuri, nimeona niwaandikie wenzangu wa huku kusini, mafundi na wenye magari, ili pesa zisipotee tena.

Kabla ya kutoa pesa, jua gari lako lina nini

Marekani ililazimisha mfumo huu wa kuonya upepo wa tairi ukipungua kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli za 2008, baada ya ajali za Ford Explorer zilizokuwa na matairi ya Firestone kusababisha sheria ya mwaka 2000. Ulaya ikafika hapo Novemba 2014. Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, haikulazimisha. Ndiyo maana IST, Noah na Hiace nyingi zinazopita Mtwara hazina sensa hata moja, na mwenye gari la hivyo hana haja ya mashine hii kabisa.

Hata penye taa, si lazima pawe na sensa ndani ya tairi. Volkswagen na Audi nyingi hukisia tu: zinatumia vipima mwendo vya breki za ABS, tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kuliko wenzake, na gari linajua. Hapo unajaza upepo sawasawa, unabonyeza kitufe au kuingia kwenye menyu, kazi imekwisha.

Gari lenye sensa halisi hulitambua kwa urahisi: mara nyingi shingo ya valvu ni ya chuma na ina nati chini yake, au dashibodi inaonyesha namba ya upepo wa kila tairi. Ila angalia, zipo sensa zenye valvu ya mpira, kwa hiyo valvu peke yake isikudanganye.

Sensa hiyo ina betri iliyofungiwa ndani, haibadilishwi. Hudumu kati ya miaka 5 na 10. Gari la mwaka 2012 lililoingia nchini juzi, sensa zake zimeshazeeka. Mashine hii haifufui betri. Kazi yake ni kuamsha sensa kwa wimbi la kilohezi 125, kusoma inachosema, kuipa sensa mpya namba ya utambulisho, na kwa mashine zilizokamilika, kuiandikia kompyuta ya gari namba hiyo.

Neno hilo la mwisho ndilo linalotenganisha mashine nzuri na mbaya kwa watu wa huku. Toyota nyingi hazijifunzi sensa mpya zenyewe. Kile kitufe cha chini ya usukani, unachokishika mpaka taa ipepese mara tatu, kinaiambia gari "upepo huu wa sasa ndio sahihi" na basi. Hakisajili sensa mpya. Nimewaona watu wakikibonyeza asubuhi hadi jioni.

1. Autel MaxiTPMS TS508

Kwa mwenye gereji au kibanda cha matairi, hii ndiyo ya kwanza kwangu, na sioni inayoikaribia kwa bei yake. Mtandaoni mara nyingi huuzwa kati ya dola 200 na 300, bila usafiri na ushuru. Inaamsha sensa za magari ya aina nyingi, inaprogramu sensa za Autel ziitwazo MX-Sensor, na ina waya wa kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kuunganisha mashine na kompyuta ya gari, chini ya usukani. Waya huo ndio nilioulipia. Gari likija limefungwa rimu nyingine kabisa, sensa za zamani hazipo na namba zake hazijulikani, unasoma sensa mpya nne kisha unaziandika kwenye kompyuta ya gari. Bila waya huna ujanja.

Udhaifu wake ni kwamba inaprogramu sensa za Autel tu. Ukinunua mashine hii umeshachagua na duka la sensa. Chukua zile zinazokubali mawimbi ya kutumia taarifa kwa gari ya megahezi 315 na 433 kwa pamoja, maana magari mengi ya Japani na Marekani ni 315, ya Ulaya ni 433, na huku kwetu Harrier na Discovery zinaweza kuegeshwa mlangoni kwako kwa wakati mmoja. Nilianza kwa kuweka akiba ya 433 peke yake, zikakaa kabatini mwaka mzima.

2. Autel TS408

Hii ni ndogo yake. Haina waya wa OBD, na bei yake mara nyingi ni karibu nusu. Mwenye gari moja au mawili, au kijana anayeanza kibanda pale Masasi, anaweza kuishi nayo vizuri kabisa endapo atajua kitu kimoja: kunakili.

Mwezi uliopita iliingia Prado kutoka Shangani. Mwenyewe alisema tairi la nyuma kushoto linapungua polepole. Nikainama. Kifuniko cha valvu kilikuwa cha shaba, cha urembo, na pale kinapokutana na shingo ya alumini palikuwa na unga mweupe umeganda kama chumvi kwenye kitambaa kilichokaukia juani. Kifuniko hakikuzunguka. Nikamwambia mwenye gari kabla sijagusa: hii inaweza kukatika. Nikaibana kwa koleo taratibu, na shingo yote ikabaki mkononi, upepo ukatoka wote. Shaba na alumini vikikutana kwenye unyevu wa chumvi, alumini huliwa. Hapa bahari iko barabarani mpaka dirishani, kwa hiyo naliona hili mara kwa mara.

Mwili wa sensa ulikuwa mzima lakini hauna tena pa kushikia. Nikaivua, nikaipangusa vumbi kwa kidole gumba. Namba ya utambulisho imeandikwa kwenye mwili wake, tarakimu na herufi nane. Nikaiingiza kwenye mashine, nikaweka sensa mpya mbele yake, sekunde chache ikapokea namba ileile. Nikafunga, nikajaza, mteja akazunguka mpaka Mikindani na kurudi. Taa imezima. Kompyuta ya gari haikujua kwamba kuna kitu kimebadilika, maana jina ni lilelile. Kazi hiyo TS408 inaifanya kikamilifu. Sensa ya zamani ikiwa bado hai ni rahisi zaidi: unaiamsha, mashine inainakili yenyewe.

Ndiyo maana siiweki mbali na ile ya kwanza. Ikiwa huna mpango wa kufungia watu rimu mpya zisizo na historia, okoa tofauti ya bei ununulie sensa nne za akiba.

3. Launch i-TPMS

Naipa nafasi ya tatu kwa sharti. Ni kifaa chepesi kisicho na skrini kubwa, kinaungana na simu kwa bluetooth au na mashine za kupimia magari za Launch X-431. Gereji ambayo tayari ina X-431, na zipo, iiweke ya kwanza: kile kifaa kinaamsha na kuprogramu sensa za Launch, ile kubwa inaandika kwenye kompyuta ya gari. Kwa asiye nayo, unabaki na uwezo ulio karibu na TS408 huku ukitegemea simu yenye chaji na programu iliyopakuliwa. Ukienda kumsaidia mtu aliyekwama njia ya Kilwa, simu imebakiza asilimia sita, utanikumbuka.

4. Skrini ya jua na vifuniko vinne

Hii si mashine ya sensa za gari, lakini wengi huja kuiulizia wakidhani ni kitu kimoja, kwa hiyo naipanga hapa. Ni skrini ndogo ya kubandika kwenye kioo, inachaji kwa jua, na vifuniko vinne vya kufunga juu ya valvu vinavyotuma upepo na joto. Kwa IST au Noah isiyo na mfumo wowote, ni msaada wa kweli, hasa kwa anayepanda na kushuka Newala na mzigo. Kwa gari lenye sensa zake haitazima taa ya njano.

Vifuniko hivyo vina uzito. Kwenye valvu za mpira zilizozeeka, na barabara zenye mashimo, valvu inachezacheza mpaka inapasuka shingoni. Badilisha valvu kwanza, ni za bei ndogo. Na ujue kwamba vikifungwa nje, mtu mwingine anaweza kuvifungua. Ipo ya sensa za ndani ya tairi pia. Ni ghali kidogo, na ndiyo ningemfungia mama yangu.

5. EL-50448

Utaiona kila mahali mtandaoni, mara nyingi chini ya dola 20, ina antena fupi na kitufe kimoja. Ni kifaa cha magari ya General Motors: Chevrolet, Buick, Opel na ndugu zao. Inaamsha sensa ili gari lililowekwa kwenye hali ya kujifunza lisikie. Haisomi, haiprogramu, haina OBD. Nilinunua kwa muuzaji aliyeandika kwamba inafaa "magari yote", nikaisogeza kwenye Toyota, Nissan na Land Rover kwa siku tatu. Kimya. Kifaa hakikuwa kibovu, gari zangu ndizo hazikuwa zake. Tangu niifungue sijaletewa Chevrolet hata moja. Usiinunue.

Ukishaipata, itumie hivi

Amsha sensa zote kabla hujagusa tairi hata moja. Weka mashine karibu na valvu, bonyeza, subiri isome: upepo, joto, namba, na mara nyingi hali ya betri. Andika kwenye daftari mbele ya mteja. Ikiwa moja ilikuwa imekufa kabla, wote wawili mnajua, na hakuna atakayesema umeiua wewe. Toyota kubwa nyingine zina sensa hata kwenye tairi la akiba, usilisahau.

Mashine ya kuvua tairi isianzie kwenye valvu, maana sensa iko nyuma yake hapohapo. Nimepokea sensa zilizopasuliwa vipande na mtu aliyeshindilia tairi upande huo bila kujua kuna nini ndani. Dawa ya kuziba pancha ya kumwaga ndani nayo huziba tundu la sensa. Ukiona tairi lina dawa hiyo, safisha kabla hujaihukumu.

Kwa Mtwara, Lindi na Kilwa, ukinunua sensa chagua za shingo ya mpira pale gari linaporuhusu. Zikiwa za alumini, weka moyo wa valvu (kipande cha ndani kinachozuia upepo) uliopakwa nikeli, kamwe si wa shaba, na kifuniko cha plastiki. Cha plastiki kinaonekana cha kawaida, na ndicho kinachofaa.

Upepo pima asubuhi, gari likiwa limelala. Joto likipanda nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, upepo hupanda takriban psi 1, kwa hiyo ukipima saa nane mchana baada ya kutoka Masasi utapunguza upepo ambao haukuzidi. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema kPa 220, hiyo ni psi 32.

Kuhusu kununua: ukiagiza mtandaoni, muulize muuzaji kama kusasisha programu ni bure au kwa mwaka, na kama lugha ya mashine ni ya kuchagua, maana zipo zinazouzwa kwa soko la nchi moja. Mimi ya mwisho niliifuata Kariakoo kwa basi. Nilikuwa na sensa mbili za zamani mfukoni, moja ya 315 na moja ya 433, zote hai. Kijana wa dukani akaitoa kwenye boksi, nikachagua aina ya gari, nikabonyeza. Zote mbili zikaitika, namba zikafanana na zilizoandikwa mgongoni. Nikalipa.