Nilivyouza spika sita nikabaki na mbili

Kwa miaka minne sebuleni kwangu palikuwa na seti ya 5.1: spika tatu mbele, mbili nyuma ya kochi, na sabufa pembeni. Kwa filamu sina neno, ilifanya kazi yake vizuri. Ila mimi ni mtu wa muziki kwanza, na kila nilipopiga albamu niliyoizoea, mwimbaji alikuwa kama hana pa kusimama. Sauti ilinizunguka tu.

Sababu niliielewa baadaye. CD, tangu iingie sokoni mwaka 1982, ina chaneli mbili, yaani njia mbili za sauti, kushoto na kulia, na karibu albamu zangu zote zilichanganywa ili zisikilizwe kwa spika mbili. Risiva, kile kifaa kinachoendesha spika zote, ilikuwa inazigawa kwa spika tano kwa kukisia. Nikauza seti nzima, pesa yote nikaiweka kwenye amplifaya ya stereo na spika mbili za maana.

Wiki ya kwanza nilijuta. Besi ilivuma hadi ikayafunika maneno ya wimbo. Kumbe nilikuwa nimezibandika spika ukutani! Nilizivuta mbele hatua moja, nikapima kwa futi kamba hadi spika mbili na kiti changu vikafanya pembetatu ya pande sawa, kisha nikazigeuza kidogo zinitazame. Hapo mwimbaji akatokea katikati kabisa, mahali pasipo na spika yoyote. Niliinuka nikaenda kupaangalia. Sauti ileile ikifika kwenye masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa, ubongo huiweka katikati. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya mfumo wa stereo mwaka 1931, na bado naona ni jambo la ajabu.

Udhaifu wake ni kwamba kiti kizuri ni kimoja. Anayekaa mwisho wa kochi husikia zaidi spika iliyo karibu naye, tatizo ambalo ile spika ya katikati ya 5.1 ilikuwa inalipunguza sana.

Na kuna kitu nimekipoteza kweli. Nina diski tatu za okestra za SACD, aina ya diski inayofanana na CD ila inaweza kubeba zaidi ya chaneli mbili, zilizorekodiwa kwa chaneli nyingi, ambazo spika za nyuma zilibeba mwangwi wa ukumbi peke yake. Zina pia tabaka la chaneli mbili, na ndilo ninalosikiliza sasa. Ala zote zipo, ila ukumbi umekuwa mdogo.