Sarafu za dhahabu za ukumbusho: ukiwa Mwanza, anza na ipi?

Dhahabu si kitu kigeni Mwanza. Soko la madini lipo, kiwanda cha kusafishia kipo, na masonara hukupimia hata chembe. Ila sonara analipa gramu, na sarafu ya prufu, ile iliyotengenezwa kwa ustadi maalumu, hainunuliwi kwa gramu peke yake. Hugongwa zaidi ya mara moja kwa muhuri uliong'arishwa, mpaka uwanja wake uwe kioo na picha ibaki na weupe wa ukungu. Bei inayozidi ya dhahabu imekaa kwenye uso huo.

Kwa sonara mmoja hapa mjini nilimkuta mzee ameleta sarafu ya duma aliyorithi. Kabla ya kuipima, kijana wa dukani aliipangusa kwa kitambaa. Nilipoiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, mikwaruzo myembamba kama nywele ilikuwa imezunguka kichwa cha Mwalimu. Iliniuma sana.

Duma huyo ndiye ninayemweka namba moja. Ni shilingi 1,500 ya mwaka 1974, ya mfululizo wa kuhifadhi wanyamapori: gramu 33.437, dhahabu sehemu 900 kwa 1,000, yaani kama gramu 30 za dhahabu tupu. Ni yetu, na mnyama amechongwa vizuri. Uliza kwanza kama ni prufu, maana ilitolewa pia ya kawaida, na usilipe bei ya prufu kama haiko kwenye kasha lake.

Namba mbili ni Krugerrand ya prufu ya Afrika Kusini. Krugerrand zilianza 1967. Ya aunsi moja ina karati 22 na gramu 33.93, na shaba iliyochanganywa ndiyo inayoipa wekundu. Inajulikana kila mahali, kwa hiyo kuiuza ni rahisi. Lakini ukibanwa na shida ukaipeleka kwa sonara, atakulipa kama ya kawaida.

Tembo wa Tabora naipenda kuliko zote, ila kwa mgeni wa kukusanya sarafu naiweka ya tatu. Ni rupia 15 ya 1916, iliyogongwa na Wajerumani kwenye karakana ya reli Tabora wakati vita vimewafungia njia ya bahari, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Si prufu, ni ya karati 18, gramu 7 na ushee. Za bandia ni nyingi mno. Usiinunue bila mjuzi pembeni.

Zilizopakwa dhahabu juu, achana nazo hata zikiwa na cheti kizuri.

Kabla hujalipa, pima uzito, kipenyo na unene kwa pamoja. Sumaku haitoshi, kwani shaba nayo hainasi. Ukishanunua, shika ukingoni tu, usiitoe kwenye kikasha chake, na humo kabatini weka vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Hewa ya ziwa huleta madoa mekundu kwenye dhahabu yenye shaba.