Kusoma vitabu vya zamani vya parokia za Trento: uzoefu wangu

Ukoo wa mume wangu unatoka Val di Non, bonde la mashamba ya matufaha kaskazini mwa mji wa Trento, Italia. Sisi tunaishi Malindi. Watoto wetu wanaujua ukoo wa upande wangu vizuri kabisa, maana bibi yao hachoki kuwasimulia, lakini kwa upande wa baba yao hadithi ilikuwa ikiishia kwa babu. Nimeifanya kazi hii kwa ajili yao, na ninaandika kwa wenzangu waliooa au kuolewa kule wasiojua waanzie wapi.

Anzeni na tovuti ya Nati in Trentino. Ni ya bure, na ina orodha ya watoto waliozaliwa kati ya 1815 na 1923, iliyotolewa kwenye vitabu vya ubatizo vya parokia. Trento ilikuwa chini ya Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoisha, na chini ya utawala ule paroko ndiye aliyekuwa msajili wa vizazi. Utaratibu huo uliendelea hata baada ya kuingia Italia, mpaka mwisho wa 1923. Kwa hiyo anayetafuta cheti cha 1890 ofisi za manispaa anajisumbua bure. Kilipo ni kanisani.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mama wa mtoto ameandikwa kwa ukoo wake wa kuzaliwa. Kuna vijiji kule ambavyo karibu nusu ya watu wana ukoo mmoja, na kila nyumba ina Giovanni wake na Pietro wake. Bila jina la mama huwezi kujua huyu ni mtoto wa nani. Ukiingiza majina ya wazazi wote wawili, ndugu wa tumbo moja wanajipanga wenyewe mbele yako, na hata yule aliyefariki mchanga, ambaye nyumbani hakutajwa tena, unampata.

Ila tovuti hiyo ni ya waliozaliwa tu, ndoa na vifo hamna. Na ukitaka kuvuka 1815 kurudi nyuma, lazima ufungue vitabu vyenyewe. Kwa hilo tulikwenda Vigilianum, mjini Trento, ambako kumbukumbu za jimbo la Kanisa Katoliki zimehifadhiwa. Unaketi kwenye chumba cha kusomea na kuvipitia kwenye kompyuta, kurasa zikiwa zimeshapigwa picha. Nilijisikia vizuri sana kuifanya kazi hiyo mji uleule, kwa sababu Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu uliomalizika 1563, ndio ulioagiza kila paroko awe na kitabu cha ndoa.

Sasa kuhusu mwandiko. Mwanzoni ukurasa wa miaka ya 1600 unakuchosha macho tu. Ni Kilatini kilichokatwakatwa, wino umepauka, na herufi s ndefu inafanana na f. Lakini mapadre waliandika kwa mtindo uleule kila mara: tarehe, jina la mtoto, baba, mama, aliyebatiza, wasimamizi. Ukishamzoea padre mmoja, unasoma kitabu chake chote, na akija mwingine unaanza upya kidogo.

Nichukue mstari mmoja nilioukalia muda mrefu: «Die 14 7bris Jo:es filius Petri q. Antonii». 7bris usiichukulie kuwa mwezi wa saba kama tunavyohesabu sisi. Ni Septemba, na 8bris ni Oktoba. Jo:es ni Joannes, yaani Giovanni. Petri ni baba yake, Pietro. Na ile q. ndogo, ambayo ni rahisi kuiruka, ni quondam: Antonio, baba yake Pietro, alikuwa ameshafariki siku ile. Kwa herufi moja nimepata kizazi cha tatu, na nimejua pia pa kumtafutia Antonio kwenye kitabu cha vifo.

Nilijaribu pia programu ya kulipia inayosoma mwandiko wa kale. Maneno marefu ilisoma vizuri, lakini q. iliitupa kabisa na Jo:es ikaigeuza kuwa neno lisilokuwepo. Kwa kupata picha ya jumla ya ukurasa inasaidia. Kwa mambo yanayobeba ukoo, siitegemei, macho yangu mwenyewe yananitosha. Fedha hizo afadhali ulipie nauli ya kwenda Trento.

Kabla ya kusafiri, waulizeni wazee wa upande ule jina la utani la nyumba yao. Koo kubwa za bonde lile ziligawanyika matawi, na kila tawi lilikuwa na jina lake la kulitofautisha. Wakati mwingine padre aliliandika baada ya ukoo, likitanguliwa na neno detto au dictus. Mama mkwe wangu alilikumbuka la kwao akiwa jikoni, bila hata kujua lina faida gani, na ndilo lililotenganisha Pietro wetu na Pietro mwingine wa kijiji kilekile. Muombe miadi ya Vigilianum mapema, na mfike na majina ya wazazi wote wawili pamoja na jina la parokia. Majina ya vijiji pekee hayatoshi, kwa kuwa vijiji kadhaa vilibatizia kanisa moja.